Dereva Aliyeagwa Mara Nne

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni apunguze moto, aliye barabarani apunguze mwendo, tukae pamoja tumkumbuke mtu mmoja. Leo tunamkumbuka dereva. Dereva wa lori la trela, lile refu ambalo ukikutana nalo kwenye kona unasimama mwenyewe bila kuambiwa. Watu walimwita Mzee Kesho.

Nitawaambia mapema, nisije nikawazungusha. Mzee Kesho alibeba dripu, zile chupa za maji anazotundikiwa mgonjwa. Alizitoa ghala kuu akazifikisha hospitali ya milimani. Aliifanya kazi hiyo tangu wengi wenu mnaonisikiliza hamjazaliwa. Na katika maisha yake aliagwa mara nne. Mara tatu aliagwa akiwa hai, kwa keki na hotuba. Mara ya nne ilikuwa wiki iliyopita, kwenye foleni, na huko hakukuwa na keki.

Kipindi hiki huwa nakifanya kwa upole. Leo upole utanishinda mahali fulani, mtanisamehe. Maana kila jioni, kabla sijakaa kwenye kiti hiki, taarifa ya habari inasomwa kwamba bidhaa zimechelewa kwa sababu ya matatizo katika mnyororo wa ugavi na uhaba wa nguvukazi. Maneno yamepigwa pasi hayo, hayana hata kunjo moja. Anayeyasikia anasema "haya," anageukia chai yake. Basi leo nataka kuwapeleka jikoni kwa mjane wa Mzee Kesho, kwenye sakafu ambayo nusu ni saruji na nusu ni vumbi, muone maneno hayo yakivuliwa pasi yanafananaje.

Tuanze mbali kidogo. Mzee Kesho hakuzaliwa na usukani mkononi. Alianza kama utingo, yule anayekaa kando ya dereva na kushuka kuweka mawe nyuma ya tairi lori likigoma mlimani. Lori lao lilipeleka nafaka kinuni. Na pale kinuni palikuwa na msichana mshonaji wa magunia, mwenye sindano ndefu na ulimi mrefu kuliko sindano. Utingo yule akawa kila safari analeta magunia yaliyochanika. Msichana anashona, utingo anasubiri, maneno mawili matatu yanapita.

"Nilikuwa namhurumia," mjane wake aliniambia. "Nikasema huyu maskini, lori lake lina misumari kila upande. Kumbe magunia anayachana mwenyewe, njiani, kwa kisu. Siku niliyojua tulikuwa tumeshaoana. Ningefanya nini tena?"

Alicheka aliposema hivyo, kisha akatazama mlangoni, na kicheko kikaishia hapo.

Wakaoana. Utingo akapata leseni, akapata lori, na mkewe akapata kazi ya pili juu ya ile ya kushona magunia: kazi ya kusubiri. "Niliolewa na mtu, nikaishi na simu," anasema. Kila alipolalamika, mumewe alimjibu neno moja. Kesho. Kesho naomba likizo. Kesho nasakafia jiko. Kesho kazi hii naiacha. Binti yao, ambaye sasa ni fundi cherehani, anakumbuka siku yake ya kwanza shuleni. "Mwalimu aliniuliza, baba yako anaitwa nani. Nikamwambia anaitwa Kesho. Nilikuwa namsikia mama akimwita hivyo." Mwalimu akacheka, akamsimulia jirani, jirani alikuwa na shemeji anayefanya kazi yadini, kule malori yanakolala. Jina likahamia kazini na halikutoka tena.

Na huyu mama hakutaka makubwa, jamani. Alitaka jiko lisakafiwe, ili asipigane na vumbi kila akifagia. Na alitaka chakula cha mchana na mumewe. Siku ya kazi, saa za mchana, wamekaa wawili, sahani mezani, hakuna anayetazama saa. Katika ndoa yao yote, chakula cha namna hiyo walikula mara chache mno, kiasi kwamba alinitajia kila kimoja na walichokula. Shikeni mambo hayo mawili, wasikilizaji wapendwa. Sakafu ya jiko na chakula cha mchana. Hatutayapita.

Sasa niwaeleze desturi ya yadi. Haikuandikwa popote, lakini kila dereva anaijua. Dereva akistaafu, haachi ufunguo ofisini. Anasimama kando ya lori lake, mbele ya wenzake, anautoa ufunguo mfukoni na kuutia mkononi mwa dereva atakayelichukua lori hilo. Mkono kwa mkono. Hapo madereva wengine wanapanda kwenye malori yao na kupiga honi kwa pamoja, mpaka mtaa mzima ujue kuna mtu anakwenda nyumbani kupumzika. Usipopata mkono wa kuupokea ufunguo, kwa madereva wale wewe hujastaafu. Umechelewa kazini tu.

Siku ya kuagwa mara ya kwanza, Mzee Kesho alivaa koti. Keki ilikuwepo. Zawadi ilikuwepo, saa ya ukutani. Msimamizi wa yadi, mtu mwembamba wa kufunga tai, alitoa hotuba nzuri. Ikafika zamu ya ufunguo, na hapo watu wakaanza kutazamana. Dereva wa kuupokea hakuwepo. Tangazo la kazi lilikuwa limebandikwa getini mpaka jua likafuta maandishi, na hakuna aliyekuja. Msimamizi alipoona aibu inakaribia, akanyoosha mkono akaupokea yeye.

"Mkono ule hauendeshi hata baiskeli," dereva mmoja akanong'ona.

Honi zilipigwa, lakini zilitoka kama mtu anayekohoa mbele ya wakwe. Mzee Kesho akaenda nyumbani na saa yake. Siku ile ile akanunua mfuko wa saruji kwa ajili ya jiko, akausimamisha kando ya mlango. Kabla hajaufungua, msimamizi alikuwa uani, anafuta jasho kwa tai.

"Safari moja tu, Mzee wangu. Hospitali wanalia. Nikipata mtu nakuachia, haki ya Mungu."

"Safari moja tu," Mzee Kesho akamwambia mkewe, huku anafunga kamba za viatu.

Ile moja ikaita nyingine. Mfuko wa saruji ulikaa mlangoni, ukala unyevu, ukaganda ukawa jiwe. Hawakuutupa, ukageuka kiti. Mzee akirudi alikaa juu yake kuvua viatu, na mkewe alimwambia, "Umekalia ahadi yako." Alikuwa anatania, lakini siyo sana.

Mtauliza, kwa nini mtu wa kuendesha hapatikani? Hapa ndipo mimi damu inaponichemka. Mnakumbuka zamani kwenye ghala kuu kulikuwa na makuli wengi, wanaimba wanapakia, lori linaingia asubuhi na kabla ya mchana limetoka. Makuli wale waliachishwa wakati mizigo ilipokuwa michache. Mizigo iliporudi, wao hawakurudi, walikuwa wameshapata shughuli nyingine. Waliobaki ni wachache, migongo inawauma. Mashine ya kunyanyulia mizigo imeharibika, kipuri chake kimeagizwa, kipuri kiko njiani. Kwa hiyo malori yanapanga foleni nje ya ukuta wa ghala. Leo, kesho, keshokutwa, foleni haijasogea. Dereva analala kwenye kiti. Analipwa kwa safari, halipwi kwa kukaa. Na nje ya ukuta ule hakuna choo. Nasema tena, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu nilipoambiwa nilidhani nataniwa. Hakuna choo. Watu wazima, baba za watu, wanaomba ruhusa kwenye duka la jirani, na mwenye duka amechoka nao.

Basi pamoja na hayo, akapatikana mtu. Alitoka kwenye mabasi, alikuwa na mke kijana, na alikuja kazini kila siku na shati jeupe lililonyooshwa. Yadi nzima ikamwita Shati. Mzee Kesho akamchukua kama mwanawe. Geti la hospitali ya milimani ni jembamba na lina ukuta upande mmoja na mtaro upande mwingine. Kuliingiza trela pale kwa kurudi nyuma kunamtoa mtu jasho. Mzee alishuka, akasimama kando ya mtaro, akamwelekeza Shati kwa mkono mmoja tu, bila kupaza sauti. Siku Shati alipoingia bila kugusa ukuta, wauguzi walipiga makofi dirishani.

Mzee Kesho akaagwa mara ya pili. Keki nyingine, saa nyingine ya ukutani, kwa sababu aliyenunua hakukumbuka kwamba alishapewa. Lakini safari hii ufunguo ulikwenda mkononi mwa dereva. Mkono kwa mkono. Honi zililia mpaka mbwa wa mtaa wakaitikia. Mkewe alizisikia akiwa nyumbani. "Nikajisemea, hizi ndizo zenyewe," anasema.

Na kweli, mama akala mchana na mumewe. Kwa wiki kadhaa alikuwa naye pale jikoni, anafunua vifuniko, anaonja, anasema chumvi imezidi, anauliza nyanya zimenunuliwa kwa nani. "Nikaanza kumchoka," mama aliniambia. "Usinicheke, nilifurahi kumchoka. Kwa miaka yote ile sikuwahi kupata nafasi."

Kisha Shati akakwama kwenye foleni. Mkewe alikuwa mjamzito, siku zake zimetimia, na yeye yuko nje ya ukuta wa ghala, malori mbele yake, malori nyuma yake, hawezi kwenda wala kurudi. Mtoto akazaliwa. Shati alimsikia akilia kwenye simu, na simu ikazima chaji. Aliporudi yadini hakugombana na mtu. Alikwenda ofisini, akautundika ufunguo kwenye msumari, akatoka. Jioni alipita kwa Mzee Kesho kuomba radhi.

"Mzee, kuendesha naweza," alisema. "Kukaa ndiko kulikonishinda."

Mzee Kesho hakumlaumu. Alimwambia amsalimie mama mtoto. Shati akaenda kuendesha basi la wanafunzi, na kila saa kumi yuko nyumbani na mwanawe. Nani atamlaumu? Mimi siwezi.

Mnajua kilichofuata. Msimamizi uani, tai mkononi. Safari moja tu. Mzee akarudi barabarani, na safari moja ikawa msimu, msimu ukawa misimu. Miguu yake ikaanza kuvimba. Daktari akamwambia aache kukaa muda mrefu, na Mzee akamjibu, "Daktari, kazi yangu yote ni kukaa." Binti yake alimpeleka kupimwa mara nyingine, akamsihi, akamlilia. Mwishowe Mzee akapiga moyo konde. Akasema hapana, sasa basi.

Hiyo ndiyo mara ya tatu ya kuagwa. Keki ilikuwa ndogo. Madereva walikuwa wachache kwa sababu wengine wako kwenye foleni. Zawadi ilikuwa boksi la saa, na ndani ya boksi hamkuwa na saa. Mlikuwa na karatasi inayosema saa iko njiani. Mpaka leo iko njiani. Ukutani kwa mama kuna zile mbili za mwanzo, kila moja inasema lake. "Nina saa mbili na sina mume," mama huyo alimwambia binti yake siku moja, na binti hakujua acheke au alie.

Wa kuupokea ufunguo hakuwepo. Mzee Kesho aliutazama msumari ule ofisini, akautundika ufunguo kwa mkono wake, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa. Dereva mzima, mbele ya wenzake, anaupa msumari ufunguo.

Lakini nyumbani alifika na saruji mpya. Na safari hii aliifungua. Alichanganya mwenyewe uani, akapiga magoti kwa miguu ile ile iliyovimba, akaanza kusakafia jiko kutoka ukuta wa ndani akija mlangoni. Mama alikaa kwenye ule mfuko ulioganda akamtazama. Anasema alikuwa anapiga mluzi. Amefika katikati ya jiko, mwiko mkononi, simu ikalia. Hakuwa msimamizi. Alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali ya milimani.

"Baba, samahani sana," muuguzi alisema. "Nina chupa za kutosha wodi moja, na nina wodi mbili zimejaa. Sikujua nimpigie nani mwingine."

Na kabla simu haijakatwa, msimamizi wa yadi alikuwa anabisha hodi. Mama alimwahi mlangoni.

"Shikamoo, mama," msimamizi akasema. "Najua unanichukia. Lakini tuna uhaba wa madereva."

"Marahaba. Huna uhaba wa madereva, mwanangu. Una uhaba wa choo. Madereva wapo, wamejaa tele, wanaendesha mabasi ya shule."

Msimamizi akacheka, halafu kicheko kikamkauka. Akaketi juu ya mfuko wa saruji bila kukaribishwa. "Mama, naomba kila mwezi," alisema. "Naomba choo, naomba makuli, naomba kipuri. Wanasema subiri. Juzi mimi mwenyewe nimebeba maboksi kwa mgongo huu, na tai yangu hii. Likizo nilienda lini, sikumbuki."

Na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, wasikilizaji wapendwa. Angekuwa mtu mbaya, ningejua hasira yangu niipeleke wapi. Si mtu mbaya. Naye kakwama kwenye foleni yake, na aliye juu yake kakwama kwenye ya kwake, na kila ukiuliza unaambiwa panda juu zaidi, mpaka unafika mahali ambapo simu haipokelewi.

Mzee Kesho aliuosha mwiko. "Wagonjwa hawana kosa, mama," akamwambia mkewe.

Mkewe alimjazia chupa ya chai, akampa. "Siku zote nilikuwa nagomba," aliniambia. "Siku ile nikanyamaza. Nilichoka kugomba. Laiti ningegomba."

Sasa sikilizeni kwa utulivu. Wiki iliyopita, mchana kweupe, Mzee Kesho alikuwa kwenye foleni nje ya ghala kuu. Alikuwa amefika siku iliyotangulia. Lori lilikuwa tupu, linasubiri kupakiwa dripu. Jua kali, hakuna anayesogea. Halafu, kwa bahati, foleni ikasogea. Lori la mbele yake likaenda. La Mzee Kesho likabaki pale pale.

Dereva wa nyuma yake akapiga honi. Halafu wa nyuma ya huyo. Watu walikuwa wamekaa siku nzima, wana njaa, wana hasira, na mbele kuna nafasi na mtu hasogei. Zikapigwa honi zote. "Mzee amelala, huyo," wakasema. Na mengine wakasema, ambayo siwezi kuyarudia hewani. Yule dereva wa nyuma akashuka amekunja uso, akapanda ngazi ya lori, akafungua mlango kwa nguvu.

Injini ilikuwa imezimwa. Breki ya mkono imevutwa. Miwani imekunjwa na kuwekwa juu ya dashibodi. Chupa ya chai ilikuwa mapajani, na mikono miwili juu yake. Mzee Kesho alikuwa ameshakwenda.

Yule dereva akasimama pale ngazini, akawapungia wenzake mikono wanyamaze. Wale wa mbali wakadhani anawaita wasogee. Wakazidisha honi.

Ni dereva huyo mwenyewe aliyempelekea mama vitu vya mumewe: miwani, chupa ya chai na ufunguo. Alilia mlangoni, mtu mzima, akisema mama nisamehe, nilimtukana. Mama alimshika bega akamwingiza ndani.

"Usilie," alimwambia. "Walimpigia honi nzuri, akarudi kazini. Zenu hizi mbaya ndizo zilizompumzisha."

Tulimzika watu wengi. Malori yalipanga mstari mtaani kwao, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeyalalamikia. Mama alikuwa ameufunga ule ufunguo kwenye pindo la mtandio wake. Mtauliza, kwani lori lina ufunguo mmoja? Ulikuwepo wa akiba. Ulipotea ofisi ilipohamishwa, ukaagizwa mwingine kiwandani. Huo nao uko njiani. Msinicheke mimi, ndivyo nilivyojibiwa ofisini.

Tuliporudi kutoka makaburini, msimamizi wa yadi alimsogelea mama. Lori lilikuwa limekokotwa mpaka yadini, limesimama. Muuguzi mkuu alikuwa ameshapiga simu asubuhi ile, akatoa pole, lakini hakuweza kuuliza alichotaka kuuliza.

"Mama, naona aibu kuliko ninavyoweza kusema," msimamizi alianza.

"Basi usiseme."

Msimamizi hakuondoka. Mama akakishika kile kifundo cha mtandio.

"Najua unachotaka," akasema. "Ninao hapa. Lakini msumarini haurudi. Na mkononi mwako hauji, uliupokea siku ile ukamrudishia mwenyewe. Niletee mkono unaoendesha. Mume wangu ameutafuta mkono huo mpaka amekufa."

Alisema hivyo pale uani, bila kupandisha sauti. Madereva wakatazama viatu vyao. Kila mmoja ana lori lake, na kila mmoja ana foleni yake. Wengine, nadhani, walikuwa wanaogopa kwamba macho ya mama yatawaangukia.

Nyuma kabisa, karibu na ukuta, alisimama mtu mwenye shati jeupe lililonyooshwa. Alikuwa amempakata mtoto wake. Akampa mkewe mtoto, akapita katikati ya watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Shule zimefungwa wiki hii," Shati akasema. "Basi limesimama. Nitazipeleka zile dripu. Safari moja tu."

Mama alimtazama. Alimtazama muda mrefu, mpaka binti yake akataka kumshika mkono. Kisha akafungua kile kifundo taratibu, akautoa ufunguo.

"Na yeye alisema hivyo hivyo," akamwambia.

Akautia ufunguo mkononi mwa Shati, akavikunja vidole vyake kwa mikono yake yote miwili, akavishikilia. Mkono kwa mkono. Hakuna aliyetoa amri. Madereva walitoka mmoja mmoja, wakapanda kwenye malori yao pale mtaani, wakapiga honi kwa pamoja. Mama alisimama mlangoni mpaka zilipokwisha zote. Halafu akaingia jikoni, akapita ile nusu ya vumbi, akasimama kwenye ile nusu ya saruji.

Hivyo ndivyo Mzee Kesho alivyostaafu.

Kwa niaba ya wote tunaofanya kazi katika kituo hiki, tunampa pole mjane wake. Mama, tuko pamoja nawe. Tunampa pole binti yake fundi cherehani, na wajukuu, na muuguzi mkuu kule milimani aliyepoteza mtu wa kumpigia simu. Tunawapa pole madereva wa yadi. Na msimamizi wa yadi naye nampa pole, ingawa sijamaliza kumkasirikia. Mungu amlaze Mzee Kesho mahali pema, na huko aliko kusiwe na foleni.

Kabla sijaingia studio, nilimpigia simu Shati. Yuko nje ya ukuta wa ghala kuu. Foleni haijasogea tangu jana. Pembeni yake, kwenye kiti cha utingo, amekaa msimamizi wa yadi, amesema hashuki mpaka lori lipakiwe. Nilimsikia kwenye simu akimuuliza Shati choo kiko wapi. Shati akacheka sana. Kisha Shati akaniambia mtoto wake ameanza kutambaa, na hapo akaacha kucheka.

Wasikilizaji wapendwa, wengi wenu kesho mtakuwa barabarani. Mtakuwa mnawahi, na mbele yenu litasimama lori ambalo halisogei, na mkono utawaenda kwenye honi. Uzuieni kidogo. Shuka, panda ile ngazi, mtazame aliye ndani. Msalimie. Muulize kama amekula mchana.